Kaske (hedifoni) ileile: kwenye simu tamu, kwenye piano kavu. Kosa liko wapi?

#1 Kidole_cha_Nne
Bandugu, jambo. Niko Lubumbashi, upande wa Kampemba. Niko na piano ya umeme ya mkono wa pili, klavye 88 zenye uzito, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Mazoezi nafanya usiku, ju mchana parseli yetu (uwanja wa nyumba) imejaa watu, na usiku wenyewe watoto wanalala chumba hichohicho. Kwa hiyo kaske ni lazima. Niliyonayo ni ya kufunika masikio yote, ya bei ndogo.

Sasa sikieni. Nikiichomeka kwenye simu na kusikiliza nokturni za Chopin (vipande vya piano), sauti ni nzuri, mpaka ukumbi unausikia. Nikiichomeka kwenye piano na kupiga nokturni ileile (vile ninavyoweza, musicheke), sauti inakuwa kavu, imejibana katikati ya kichwa, noti za juu zinachoma, na nusu saa haijaisha masikio yamechoka. Kaske ni moja, masikio ni yaleyale.

Nataka kununua nyingine, moja tu, ifanye kazi zote mbili: mazoezi na kusikiliza klasiki. Niko na dola 150, usafiri ndani. Nichukue gani? Na kabla ya hiyo: kaske ndiyo yenye kosa kweli?

#2 Tenor_wa_Katuba
Kwenye simu anapiga Rubinstein, bingwa wa piano. Kwenye piano unapiga wewe. Kosa umelipata, funga uzi 😂

#3 Kidole_cha_Nne
Nilijua yupo atakayesema. Haya, wengine.

#4 Waya_Mwekundu
Ni ohmu. Hiyo kaske yako bila shaka ni ya ohmu 32, imetengenezwa kwa simu. Piano inataka kaske ya studio, ohmu 250 kwenda juu. Ohmu zikipanda na usafi wa sauti unapanda. Tafuta Beyerdynamic DT 770 Pro ya 250, umalize habari.

#5 Fundi_Kafubu
Hapana, mukubwa. Ohmu ni ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya kaske, hazipimi ubora. DT 770 Pro hiyo unayoitaja inauzwa ya ohmu 32, ya 80 na ya 250, jina moja. AKG K240 ya zamani, ile Monitor, ilikuwa ya ohmu 600. K240 Studio ya leo ni ohmu 55, na watu wanaendelea kuitumia studioni.

Kaske ya 250 ukiichomeka kwenye tundu dhaifu, utapandisha sauti ya piano mpaka mwisho na fortisimo yako (kupiga kwa nguvu kabisa) itatoka kama mtu anayeomba ruhusa. Angalia namba mbili pamoja: ohmu, na usikivu, yaani desibeli inazotoa kwa kila miliwati. Muuzaji akikupa namba moja, muulize ya pili.

#6 Waya_Mwekundu
Basi mbona waliosikia zote wanaisifu ya 250 kuliko ya 32?

#7 Fundi_Kafubu
Hoja yao ni kwamba waya wa koili yake ni mwembamba zaidi, koili inakuwa nyepesi, inafuata sauti upesi. Kwenye amplifaya nzuri wapo wanaosikia tofauti, siwabishii. Lakini ndugu yetu hana amplifaya. Ana tundu la piano.

#8 Mwanagenzi_Dar
Wakuu, salaam kutoka Dar. Mimi naona mnahukumu hedifoni bure. Rekodi ya nokturni imepigwa ukumbini, maikrofoni zimekaa mbali kidogo na piano, mwangwi wa kuta umeingia humo kabla hujabonyeza kitu. Sauti ya piano ya umeme ni sampuli: kila noti imerekodiwa peke yake, tena karibu na nyuzi, na mtengenezaji anategemea itatoka kwenye spika, igonge kuta za chumba chako ndipo ikufikie. Ukivaa hedifoni umekiondoa chumba, imebaki sampuli tupu.

Dawa ni kuongeza mwangwi kwenye mipangilio ya piano yenyewe. Piano nyingi zina aina tatu nne: chumba, ukumbi mdogo, ukumbi mkubwa, jukwaa. Usifikie kiasi cha kanisa kuu, pedali utaikanyaga vibaya na hutajua.

#9 Mama_Alto
Mwanagenzi yuko sawa pale mwisho. Kwaya yetu kuna kijana alifanya mazoezi mwaka mzima na mwangwi mkubwa kwenye kaske. Siku ya kupiga piano ya kweli, chumba kikavu, kila alichokuwa anakificha kilitoka nje. Kwa mazoezi, kavu ni mwalimu mzuri. Kwa kujifurahisha, weka ukumbi.

#10 Chuma_cha_Likasi
Munapoteza muda na nyaya karne hii? Nunua ya Bluetooth, unaitumia kwa simu, kwa piano, kwa basi. Mimi yangu siiondoi kichwani.

#11 Fundi_Kafubu
Kwa kusikiliza, sina neno. Kwa kupiga, hapana kabisa.

Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti milisekunde 100 hadi 300, inategemea vifaa. Chukua 200. Ukipiga kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na noti ya kumi na sita (robo ya pigo) ni 125. Maana yake noti unayoisikia ni ile uliyoiacha nyuma zaidi ya noti moja nzima. Ubongo utajaribu kuvuta mikono, utapunguza mwendo, na kesho yake utasema una rithmu mbaya. Hewani sauti inatembea mita moja kwa karibu milisekunde 3, ndiyo maana kwenye piano ya mbao hakuna anayelalamika.

#12 Chuma_cha_Likasi
Lakini Roland FP-30X iko na Bluetooth ya sauti. Wangeiweka ya nini?

#13 Mwanagenzi_Dar
Mkuu, ile ni ya kuingiza, siyo ya kutoa. Unatuma muziki wa simu utoke kwenye spika za piano, upige juu yake. Sauti ya piano haiendi kwenye hedifoni kwa njia hiyo. Wengi wanainunua kwa kutegemea hilo halafu wanarudi kuuliza.

#14 Tenor_wa_Katuba
Chuma sasa anatafuta pa kuiweka ile kaske ya basi.

#15 Chuma_cha_Likasi
Iko kichwani, inapiga rumba, haichelewi kwenda popote.

#16 Yaya_Solange_K
Narudi kwa #1. Umesema kaske yako ni ya kufunika yote. Ile sauti ya kujibana ndani ya kichwa ndiyo tabia ya kaske zilizofungwa mgongo. Sauti inagonga kikombe cha plastiki na kurudi sikioni. Kaske wazi, zenye mgongo wa wavu, zinaiacha itoke. Sennheiser ndio walioanza kuuza za wazi, HD 414, mwaka 1968, na mpaka leo watu wa klasiki wengi wako upande huo. HD 600 imetoka 1997 na bado inatengenezwa. Inapita bajeti yako mbali, naitaja tu ujue njia inaelekea wapi. Kwa bei yako kuna Philips SHP9500 ikipatikana, ohmu 32, haihitaji amplifaya. Kuna pia K240 Studio aliyoitaja Fundi, ile ni nusu wazi.

Nilipohama kutoka iliyofungwa kwenda wazi, piano ilitoka kichwani ikakaa mbele yangu. Sijui kueleza vingine.

#17 Kidole_cha_Nne
Yaya, asante. Lakini wazi maana yake watoto watasikia?

#18 Yaya_Solange_K
Watasikia, ndiyo. Si kama spika, lakini chumba kikiwa kimya usiku wanaweza kufuata melodi. Na wewe utawasikia wakikohoa, jambo ambalo mama hawezi kulilalamikia.

#19 Kopa_Nyekundu
Chumba kikiwa kimya! Lubumbashi gani hiyo? Kwetu kuna nganda (baa) upande wa kushoto na kanisa la mkesha upande wa kulia. Ijumaa wanashindana. Nilikuwa na kaske wazi. Preludi ya Bach ilikuwa inapigwa pamoja na ngoma za kanisa na solo ya gitaa ya nganda. Nikaiuza. Sasa niko na Sony MDR-7506, imefungwa, ohmu 63, ipo sokoni tangu 1991, inakunjwa na inakuja na adapta ya kuzungushia. Sauti za juu ni kali, sikatai. Lakini nasikia ninachopiga.

#20 Mama_Alto
Kopa, na joto? Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, kaske za ngozi ya bandia siwezi hata dakika ishirini. Masikio yanatoa jasho, na ngozi yenyewe inaanza kubanduka vipande vyeusi shingoni. Kidole anasema anachoka kabla ya nusu saa: labda si sauti, ni joto na mkazo wa kichwa. Pedi za mahameli kama za DT 770 Pro zinapumua vizuri zaidi, hata kama mgongo umefungwa. Mtu mwenye miwani aangalie hilo mara mbili, ule mkono wa miwani unabanwa kwenye fuvu.

#21 Kidole_cha_Nne
Nina miwani.

#22 Mama_Alto
Basi sehemu ya uchovu wako nimeshaipata bila kuona kaske.

#23 Dijitali_ya_Ruashi
Bandugu, nimesoma kwamba kwa klasiki kaske lazima ifike 40,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), ndiyo kinanda kinatoka kamili. Angalieni kwenye boksi kama imeandikwa.

#24 Fundi_Kafubu
Boksi litaandika inachotaka kuuza. Klavye ya mwisho kulia ya piano, do ya juu kabisa, msingi wake ni 4,186 Hz. Ya kwanza kushoto ni noti la, ya 27.5 Hz. Juu ya hapo kuna mawimbi ya ziada yanayotoa rangi ya sauti, ndiyo, lakini sikio la kijana mzima linakoma karibu na 20,000, na la mtu wa umri wangu linakoma mapema zaidi. 40,000 inamfaa popo.

#25 Waya_Mwekundu
Umeitaja 27.5. Si ndiyo sababu ya kutafuta kaske yenye besi nzito? Piano bila besi ni nusu piano.

#26 Yaya_Solange_K
Kaka, nyuzi za chini za piano nguvu zake nyingi ziko kwenye mawimbi ya ziada, si kwenye ule msingi. Sikio linasikia mawimbi hayo na kuujaza msingi lenyewe. Ndiyo maana hata spika ndogo ya simu inakupa noti la ya chini ukaitambua. Kaske iliyopandishwa besi kwa ajili ya dansi inafanya mkono wa kushoto umeze wa kulia. Utaanza kupiga kushoto kwa nguvu ndogo kumbe mkono hauna kosa.

#27 Kopa_Nyekundu
Mimi kipimo changu ni kimoja. Mpiga piano Glenn Gould kwenye Goldberg ya Bach. Alikuwa anaguna na kuimba chinichini akipiga. Kaske mbaya inamficha, nzuri inamtoa waziwazi. Rekodi ya 1982, siyo ya kwanza.

#28 Mwanagenzi_Dar
Imerekodiwa 1981, mkuu. 1982 ndipo ilipotoka, na Gould akafariki Oktoba mwaka huohuo. Ya kwanza ni ya 1955. Kwenye kuguna nakuunga mkono.

#29 Tenor_wa_Katuba
Yaani munatumia dola mia na hamsini ili musikie mzungu anaguna. Mimi nikiguna kwenye kwaya natolewa nje.

#30 Dijitali_ya_Ruashi
Mimi najaribu na Missa Luba, misa ya kuimbwa. Sauti za watu na ngoma pamoja, hapo ndipo kaske inajulikana. Na ni fahari ya mji wetu.

#31 Mama_Alto
Ya mji wetu hapana. Missa Luba ilizaliwa Kamina, na padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na kundi la Troubadours du Roi Baudouin, 1958. Luba ni Waluba, si Lubumbashi. Ukitaka ya huku mutafute Joseph Kiwele, mwenye Missa Katanga. Ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga, ile miaka ya kujitenga.

#32 Dijitali_ya_Ruashi
Kamina si Katanga?

#33 Mama_Alto
Ilikuwa Katanga, sasa iko Haut-Lomami. Lakini umesema mji wetu.

#34 Tenor_wa_Katuba
Mama, muache, alikuwa anasikiliza mawimbi ya 40,000.

#35 Fundi_Kafubu
Turudi. Kidole, kuna jambo hakuna aliyeligusa. Tundu la kaske kwenye piano nalo lina ukinzani wake wa kutoa. Kwenye simu nyingi ni mdogo sana, kwenye piano kadhaa ni mkubwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kaske iwe na ohmu angalau mara nane ya tundu. Tundu likiwa na ohmu 30 na kaske 32, sauti inabadilika sura: sehemu fulani za besi zinavimba, nyingine zinazama, kwa sababu ukinzani wa kaske haulingani kwenye kila noti. Hapo kaske moja inakuwa na sura mbili, ya simu na ya piano. Sisemi ndiyo yako. Lakini inaeleza "kaske ileile" vizuri kuliko joto la mwezi wa kumi.

#36 Waya_Mwekundu
KWA HIYO OHMU ZA JUU ZINASAIDIA. Naomba muandike.

#37 Fundi_Kafubu
Zinasaidia kwa sababu hii, haziwi ubora. Na 250 bado ni nyingi kwake. Kati ya 50 na 80 ndipo ningekaa.

#38 Waya_Mwekundu
Nimeandika sehemu ya kwanza tu.

#39 Mwanagenzi_Dar
Bado nasimama kwenye sampuli. Watengenezaji wenyewe wanajua tatizo lipo, ndiyo maana Yamaha wameweka kitu wanachokiita Stereophonic Optimizer kwenye P-125, na Roland wana yao ya kutengeneza hewa ya pande tatu kwenye FP-30X. Kazi yake ni kuitoa piano kichwani ionekane inatoka mbele ya klavye. Kama piano ya mleta uzi ni ya zamani au ya chini, haina hiyo, na hedifoni ya dola 150 haitaiweka.

#40 Yaya_Solange_K
Basi nipe sababu kwa nini mimi, piano ileile, bila hiyo Optimizer, nilisikia tofauti kwa kubadilisha kaske peke yake.

#41 Mwanagenzi_Dar
Dada, sikatai ulichosikia. Nasema umetibu nusu.

#42 Kopa_Nyekundu
Kidole, fanya jaribio. Rekodi unavyopiga kupitia tundu la kaske, uingize kwenye kompyuta, halafu uweke kwenye simu usikilize kwa kaske ileile. Ikiwa tamu, kosa ni tundu, Fundi kashinda. Ikiwa kavu, kosa ni sampuli, Mwanagenzi kashinda.

#43 Dijitali_ya_Ruashi
Waya wa USB tu unatosha, piano zote za sasa ziko nayo.

#44 Kopa_Nyekundu
USB ya piano nyingi inapitisha MIDI tu: noti gani, nguvu gani, saa gani. Sauti yenyewe haimo. Ukirekodi hiyo, kompyuta itapiga kwa piano yake. Atumie waya wa jeki hadi jeki, aingie kwenye tundu la kuingiza sauti.

#45 Kidole_cha_Nne
Nimefanya. Shemeji yangu ana kompyuta ya kukatia picha, iko na tundu la kuingiza. Nilirekodi kipande cha nokturni na skeli mbili, nikahamishia kwenye simu.

Majibu: ni bora kuliko vile nilivyosikia nikipiga. Si tamu kama rekodi ya ukumbi, lakini ukali wa juu umepungua, na nilisikiliza muda mrefu bila kuchoka. Ila kulikuwa na sauti ya mmmm chini yake ambayo sikuwahi kuisikia kwenye piano.

#46 Fundi_Kafubu
Tundu. Nimesema.

#47 Mwanagenzi_Dar
"Si tamu kama rekodi ya ukumbi." Sampuli. Nimesema.

#48 Mama_Alto
Wote wawili hamukusoma. Amesikiliza bila kupiga. Mtu akipiga, mabega yako juu, meno yameumana, anaongeza sauti ili asisikie klavye zikigonga mbao. Akikaa kitini kusikiliza, anaiweka chini. Kidole, sauti ilikuwa kiwango kimoja mara zote mbili?

#49 Kidole_cha_Nne
Mama, sikupima. Kwenye piano huwa naweka juu, ju nikipiga pianisimo (sauti ndogo kabisa) nasikia tok tok ya klavye kuliko noti.

#50 Mama_Alto
Ndiyo hiyo. Unaweka kiwango cha kusikia pianisimo, halafu forte (sauti kubwa) inakuja na kiwango hichohicho. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Ukifika 90, saa zinabaki 4 kwa wiki nzima. Masikio yako yanachoka kwa sababu yanapigwa. Weka sauti kwa forte kwanza, pianisimo itajitafutia. Kwa tok tok, weka zulia au mkeka mzito chini ya miguu ya piano, na kaske iliyofungwa itakusaidia zaidi hapo. Samahani Solange.

#51 Yaya_Solange_K
Hapo nakubali. Kaske wazi inakupa tok tok yote, pamoja na pedali ikilia.

#52 Fundi_Kafubu
Kuhusu mmmm: hiyo ni umeme. Mkondo wetu ni 50 Hz. Kompyuta na piano zikiwa kwenye prizi (soketi) mbili zenye ardhi tofauti, au kwenye inveta ya bei rahisi isiyotoa wimbi laini, inaingia kwenye waya wa sauti. Chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri yake, urekodi tena. Ukipiga mazoezi kwa inveta wakati umeme umekatika, unaweza kuisikia hata bila kompyuta.

#53 Tenor_wa_Katuba
Ile mmmm kwetu kwenye kwaya tunaitumia kuchukua toni. Iko karibu na noti sol.

#54 Fundi_Kafubu
Utani wako ni kweli. Sol ya chini ya piano, ile ya oktava ya pili kutoka kushoto, ni 49 Hz. Kwaya yenu inaimba juu kidogo ya piano basi.

#55 Tenor_wa_Katuba
Hilo tunajua. Maestro anasema kila Jumapili.

#56 Chuma_cha_Likasi
Mimi ningesema kitu kuhusu kununua kwenyewe. Munataja majina kana kwamba yako dukani. Huku mtu anakuuzia kaske ya boksi la jina kubwa, ndani ni nyepesi kama karatasi. Nimeshauziwa moja sokoni, nembo imepinda. Usilipe kabla ya kuvaa. Beba simu na muziki unaoujua, geuza kaske kulia kushoto uone kama sauti inahama. Vuta waya taratibu pale unapoingia kwenye kikombe. Na kama adapta ni ya mono, utasikia upande mmoja tu, au piano ya ajabu isiyo na katikati. Adapta nzuri ya stereo ina pete mbili nyeusi kwenye jeki.

#57 Kopa_Nyekundu
Chuma leo ameongea vizuri. Naongeza: uliza kama waya unatoka. Wa MDR-7506 na wa DT 770 Pro hautoki, ukikatika ni kazi ya kuchomelea. Wa K240 Studio unatoka, una mita tatu, unatosha kufika nyuma ya piano bila kuvuta kichwa.

#58 Kidole_cha_Nne
Binamu yangu yuko Johannesburg, anarudi kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani, mwisho wa mwezi. Nimemwambia atafute K240 Studio, na kama haipo, MDR-7506. Ya zamani sitaitupa, ni ya usiku wa mkesha. Mwangwi nimeuweka ukumbi mdogo, sauti nimeshusha vile Mama alivyosema, miwani naivua, nokturni naijua kwa kichwa. Uchovu umepungua. Kipi kati ya hivyo kimesaidia, siwezi kutenganisha.

#59 Fundi_Kafubu
Ohmu 55. Vizuri.

#60 Yaya_Solange_K
Nusu wazi. Vizuri.

#61 Kopa_Nyekundu
Mwambie aangalie kama adapta kubwa imo kwenye boksi, ile ya milimita 6.35. Wengine wanaiondoa na kuiuza peke yake. Na nguo nyepesi ya kufunika, kiangazi mavumbi mekundu yanaingia kwenye wavu.

#62 Mwalimu_Solfeji
Samahani, nimeingia nimechelewa, nimesoma yote. Niko na swali la pembeni. Nafundisha watoto wawili nyumbani, piano ina tundu moja. Nikitumia kigawanyo, mimi na mwanafunzi tusikie pamoja, tundu halitaharibika?

#63 Fundi_Kafubu
Halitaharibika, mwalimu. Kaske mbili zikigawana tundu moja, ukinzani unashuka: mbili za ohmu 64 zinaonekana kama moja ya 32. Sauti inaweza kupungua kidogo. Shida inakuja zikiwa aina mbili tofauti, moja itapiga kelele na nyingine itanong'ona, na hakuna namna ya kuzisawazisha bila kigawanyo chenye kitufe cha sauti kila upande. Nunua mbili za aina moja, au umpe mwanafunzi ile inayonong'ona.

#64 Mwalimu_Solfeji
Aksanti. Nitampa ile inayonong'ona.